Matone ya CBD: namba ya mbele ya chupa na namba ya nyuma

Chupa yenyewe ni ndogo, ya kioo cha kahawia, na kifuniko chake kina kipira juu na bomba jembamba la kioo ndani. Mbele imeandikwa kwa herufi nene "1500 mg". Kando yake rafuni ipo nyingine imeandikwa "500 mg", na mnunuzi mgeni anaamua palepale kwamba ya kwanza ina nguvu mara tatu. Akiwa na subira ya kugeuza chupa, atakuta ya kwanza ni ya mililita 30 na ya pili ni ya mililita 10. Agawanye: kila moja ina miligramu 50 za CBD katika mililita moja. Nguvu ni ileile, kilichozidi ni mafuta.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Biashara ya matone ya CBD imejaa maneno matamu: utulivu, usingizi mwanana, mwili uliojipata. Maneno hayo hayapimiki. Miligramu na mililita zinapimika, na anayeanza akishazielewa anakuwa mgumu kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

CBD ni kifupi cha kanabidioli, kemikali mojawapo kati ya zaidi ya mia moja za jamii yake zinazopatikana katika mmea wa bangi. Mkemia wa Marekani Roger Adams na wenzake waliitenga mwaka 1940. Umbo lake kamili lilijulikana mwaka 1963 kwa kazi ya Raphael Mechoulam na Yuval Shvo nchini Israeli, na mwaka uliofuata Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni wakaitenga THC, ile inayolevya. Kinachoshangaza ni kwamba CBD na THC zina atomi zilezile, kwa idadi ileile: kaboni 21, hidrojeni 30, oksijeni 2. Tofauti iko kwenye pete moja tu, ambayo kwa THC imefungwa na kwa CBD imeachwa wazi. Pete hiyo ikifungwa, molekuli inakaa vizuri kwenye vipokezi vya ubongo vinavyoleta ulevi. Ikiwa wazi, haikai. Ndiyo maana CBD hailevi, na Shirika la Afya Duniani lilipoipitia halikuona dalili kwamba inaleta uraibu.

Lakini kutolevya hakuna maana ya kutofanya lolote mwilini. Tutalirudia hilo tukifika kwenye ini.

CBD nyingi ya madukani hutoka kwenye hempu, yaani aina za bangi zilizokuzwa zikiwa na THC kidogo sana. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka kwenye 0.3% ya THC kwa uzito wa mmea mkavu. (Kamusi kadhaa huiita hempu katani. Mazoea ya wasemaji ni mengine: katani ni nyuzi za mkonge, na mkonge hauna CBD hata chembe.) Mpaka huo ni wa Marekani. Nchi nyingine zina mipaka yake, na zipo zisizotofautisha kabisa hempu na bangi, kwa hiyo chupa halali upande mmoja wa mpaka inaweza kuwa kosa la jinai upande wa pili. Anayesafiri aulize kabla ya kufunga begi, asingoje kuulizwa.

Tinkcha au mafuta?

Kwa wafamasia, tinkcha ni dawa iliyotolewa kwenye mmea au kemikali kwa kulowekwa katika pombe, kama ile tinkcha ya iodini ya kupaka vidonda. Chupa nyingi zinazoitwa tinkcha za CBD hazina pombe. Ndani yake mna dondoo ya hempu iliyochanganywa na mafuta ya kuibeba: ya mizeituni, ya mbegu za hempu, au yale mepesi yanayotokana na nazi, yanayojulikana kwa herufi MCT. Tinkcha ya kweli inachoma ulimini na harufu yake haijifichi. Mafuta yanateleza na kuacha ladha ya majani na udongo. Mwenye kujiepusha na kileo asome orodha ya viambato, jina la mbele lisimtoshe.

Kwenye orodha hiyohiyo ndipo ulipo mtego unaowanasa wengi. Ukiona Cannabis sativa seed oil na hakuna pengine palipotajwa kanabidioli, hayo ni mafuta ya mbegu. Ni mafuta mazuri ya kula, na CBD yake ni kama hakuna. Mtego wa pili ni wa lugha zaidi: lebo inasema kuna miligramu 1500 za "dondoo ya hempu" na kunyamaza hapo. Dondoo ni jumla ya vyote vilivyotoka mmeani, nta na rangi ya majani vikiwemo. Unachotaka kuona ni kiasi cha CBD yenyewe, kwa jina lake.

Halafu kuna aina tatu za dondoo. Ya kwanza, ambayo lebo huiita full spectrum, ina CBD pamoja na kemikali nyingine za mmea, na THC kidogo imo. Ya pili, broad spectrum, ina mchanganyiko huo baada ya THC kuondolewa au kupunguzwa hadi isionekane. Ya tatu ni aizoleti, CBD iliyosafishwa ikabaki unga mweupe peke yake kabla ya kutiwa kwenye mafuta. Wauzaji hupenda kusema kwamba dondoo kamili hufanya kazi vizuri zaidi kwa kuwa kemikali zinasaidiana. Ni nadharia yenye mvuto, ila ushahidi wake kwa binadamu bado ni mwembamba, na mimi nisingeilipia zaidi. Kwa dereva, mwanamichezo au yeyote anayepimwa mkojo kazini, uchaguzi umeshafanyika: aachane na dondoo kamili. Vipimo hivyo hutafuta mabaki ya THC, na THC kidogo ya kila siku hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Shirika linalopambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, WADA, liliiondoa CBD kwenye orodha ya marufuku mwaka 2018. THC ilibaki.

Karatasi ya maabara

Mwaka 2017 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni na kupimwa. Zilizokuwa na kiasi kilichokaribiana na lebo zilikuwa 26. Nyingine 36 zilikuwa na CBD nyingi kuliko ilivyoandikwa, na 22 zilikuwa na kidogo kuliko ilivyoandikwa. THC ilikutwa kwenye bidhaa 18. Kwa maneno mengine, aliyenunua kwa kuamini lebo peke yake alikuwa na nafasi ya chini ya moja kwa tatu ya kupata alichoambiwa.

Kwa sababu hiyo muuzaji makini hutoa cheti cha maabara, mara nyingi kwa alama ya mraba unayoipiga picha kwa simu. Kikifunguka, usivutiwe na mihuri. Tafuta namba ya bechi, yaani kundi la chupa zilizotengenezwa kwa pamoja, kisha uilinganishe na ile iliyopigwa kwenye chupa yako, kwa kawaida chini au ubavuni. Cheti cha bechi nyingine ni cheti cha chupa ya mtu mwingine. Angalia kama maabara ni ya nje au ni ya kampuni yenyewe, na tarehe ni ya lini. Halafu linganisha miligramu kwa mililita zilizopimwa na zilizoandikwa. Mwishoni pitia vipimo vya metali nzito, viuatilifu na mabaki ya vimumunyisho. Metali si jambo la kutiliwa chumvi: hempu ina sifa ya kufyonza metali kutoka ardhini, kiasi kwamba imewahi kujaribiwa kusafishia udongo uliochafuka, na kinachofyonzwa na mmea kinaweza kuishia kwenye dondoo.

Lebo au tangazo likidai kwamba matone haya yanaponya saratani, kisukari na msongo wa mawazo kwa pamoja, huna haja ya kutafuta cheti. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikiwaandikia barua za onyo wauzaji wa namna hiyo mwaka hadi mwaka.

Kiasi gani?

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ndipo makala nyingi hupita kwa kunyata.

Dawa ya CBD iliyothibitishwa ipo. Inaitwa Epidiolex, na FDA iliiidhinisha Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Lennox-Gastaut na Dravet. Mgonjwa huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Mwenye kilo 60 anaanza na miligramu 300 kwa siku, na huko ni kuanza tu. Tuchukue mfano mwingine. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa wanaume 57 wenye afya CBD au dawa bandia, yaani isiyo na CBD, ya kulinganishia tu, kabla ya jaribio la kuhutubia. Miligramu 300 zilipunguza wasiwasi. Miligramu 150 hazikufua dafu, na 600 hazikufua dafu vilevile.

Sasa rudi kwenye chupa yetu ya miligramu 1500. Kwa kipimo cha 300, ingekwisha ndani ya siku tano. Wanaotumia matone hawafanyi hivyo. Wengi hudondosha miligramu 10 au 20. Maana yake, matokeo ya utafiti wanayotangaziwa yalipatikana kwa kiasi ambacho wao hawakikaribii. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kila kibaba.

Je, basi waongeze? Hapo upande wa pili unavuta. Shirika la viwango vya chakula la Uingereza, FSA, mwaka 2020 liliwashauri watu wazima wenye afya wasizidi miligramu 70 kwa siku. Oktoba 2023 likashusha hadi 10, baada ya kupitia takwimu za usalama, hasa athari kwa ini na tezi ya shingo pale mtu anapotumia kwa muda mrefu. Mwaka 2025 wataalamu wa FDA nao walichapisha utafiti wa watu wazima wenye afya waliopewa miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, kwa majuma manne. Wachache kati yao vimeng'enya vya ini vilipanda kupita mara tatu ya ukomo wa kawaida.

Kwa hiyo anayeanza yuko katikati ya namba mbili: 10, ambayo ni salama kiasi na ushahidi wa kufaa kwake ni hafifu, na 300, yenye ushahidi kiasi na inayohitaji daktari wa kupima ini. Muuzaji hatakwambia hivi kwa sababu chupa haiuziki kwa sentensi hiyo. Ushauri wangu ni kubaki kwenye 10 au chini yake. Anayeona hali yake inadai mamia ya miligramu ana ugonjwa wa kupelekwa hospitali, na matone ya kujinunulia hayamfai.

Ukikubali kubaki chini ya 10, kanuni ya ununuzi inageuka: chupa dhaifu ndiyo bora. Tazama bomba la dropa. Nyingi zina mistari ya mililita 0.25, 0.5, 0.75 na 1. Kwenye chupa ya miligramu 50 kwa mililita, mstari wa kwanza kabisa ni miligramu 12.5, umeshavuka kabla hujaanza. Kwenye chupa ya mililita 30 yenye miligramu 300, nusu ya bomba ni miligramu 5 na bomba zima ni 10. Unapima kwa macho bila kuhesabu tone moja moja. Ujue pia kwamba ukibinya kipira mara moja na kuachia, mafuta mara nyingi hupanda hadi nusu ya bomba tu. Wengi huita hiyo "dropa moja" na kuandika mililita moja.

Matone nayo yana ujanja wake. Vitabu vya famasia huhesabu matone 20 katika mililita moja, lakini hayo ni ya maji. Chukua dropa, jaza maji hadi kwenye mstari wa 1, dondosha kwenye kijiko ukihesabu. Ikaushe, rudia kwa mafuta ya kupikia. Mafuta yatatoa matone madogo zaidi na mengi zaidi, huenda ukafika 30 na ushee. FSA yenyewe ilieleza miligramu 10 kuwa ni kama matone manne au matano ya mafuta ya 5%. Kwa dropa yenye tone dogo, manne hayohayo hayafiki miligramu 7. (Asilimia, kwa wanaoipenda: zidisha kwa 10 upate miligramu kwa mililita. 5% ni 50.)

Chini ya ulimi, kisha wapi?

Maelekezo ya kawaida ni kudondosha chini ya ulimi, kusubiri sekunde 60 hadi 90, kisha kumeza. Wazo ni kwamba mishipa midogo ya hapo itachukua CBD moja kwa moja na kuikwepesha ini. Kwa tinkcha ya pombe wazo hilo lina mashiko zaidi. Mafuta hayachangamani na mate, na sehemu kubwa huteremka tumboni kama chakula kingine. Subiri hizo sekunde kama unapenda, haziumizi, lakini usidhani umeikwepa safari ya tumbo.

Na safari hiyo ni ndefu. CBD iliyomezwa hupita kwenye ini kwanza, na makadirio yanayotumika sana ni kwamba takriban 6% ndiyo hufika kwenye mzunguko wa damu. Chakula hubadilisha hesabu hii mno. Vipimo vya Epidiolex vilionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi hupandisha jumla ya CBD inayoingia kwenye damu mara nne hivi, na kilele chake mara tano. Aliyedondosha asubuhi kabla ya kula na aliyedondosha baada ya mlo wa kushiba hawakutumia dozi moja, ingawa walihesabu matone sawa. Chagua njia moja, kabla ya chakula au baada, uishike hiyohiyo kila siku, saa ileile. Bila hivyo huwezi kujua kilichokufanya usinzie ni CBD au ni chakula.

Usingoje pia mabadiliko dakika hiyohiyo. Kwa kilichomezwa, kilele katika damu huja baada ya saa kadhaa. Wanaokosea huongeza matone baada ya nusu saa kwa kuona "haijafanya kazi", kisha mchana wote unakuwa wa kusinzia, mdomo mkavu na tumbo la kuendesha. Siku za kwanza usiendeshe gari wala mashine mpaka uujue mwili wako unavyoipokea.

Turudi kwenye ini, kama nilivyoahidi. CBD huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilevile vinavyovunja dawa nyingi za hospitali, hasa viwili viitwavyo CYP3A4 na CYP2C19. Fikiria dirisha moja la kulipia na foleni ndefu: CBD ikisimama dirishani, dawa nyingine inasubiri nyuma yake, na kadiri inavyosubiri ndivyo inavyojaa kwenye damu. Kwa warfarini ya kuzuia damu kuganda, kujaa huko ni hatari ya kuvuja damu. Kwa klobazamu ya kifafa, ni usingizi mzito. Aliyepandikizwa figo na anayetumia takrolimasi anaweza kupata sumu kwenye figo ileile aliyopewa. Anayetumia valproeti ana hatari zaidi ya vimeng'enya vya ini kupanda. Kama dawa yako ina onyo la kutokula balungi, chukulia kuwa huenda inagongana na CBD pia, umuulize mfamasia huku umeshika chupa zote mbili mkononi. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya ini waiache, na mtoto asipewe ila kwa agizo la daktari.

Kinachobaki ni kazi ya mikono. Tikisa chupa, kwa kuwa dondoo hutulia chini. Bomba lisiguse ulimi wala fizi. Likirudi na mate, mate hayo yanaingia chupani. Funga, weka kabatini penye giza na ubaridi, mbali na watoto, kwa sababu mwanga na joto huiharibu CBD. Andika tarehe uliyofungua. Kwa juma la kwanza tumia miligramu 5 kwa siku, kisha ukipenda 10, na usibadilishe kitu kingine kwa wakati huohuo: usianze mazoezi mapya, usiache kahawa.

Andika kila asubuhi mistari miwili: ulilala saa ngapi hadi saa ngapi, na maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10. Anza kuandika juma moja kabla ya kufungua chupa, ili uwe na cha kulinganisha nacho. Majuma manne yakitimia, fungua daftari na usome kurasa za juma lile la kwanza, la kabla ya tone lolote, kando ya za juma la mwisho. Zikifanana, chupa ya pili usiinunue.